Aliyepimwa Kwanza Siye Aliyeleta: Maswali ya Wanawake wa Tabora kuhusu Kumwambia Mwenza

Mwanamke akishika mimba Tabora, awe wa Isevya mjini au wa kijiji cha ndani kabisa Kaliua, kliniki humpima wekundu wa damu, kaswende, malaria na VVU siku ileile ya kwanza. Mumewe hana kliniki ya namna hiyo. Anaweza kufika miaka hamsini bila mtu yeyote kumwomba tone la damu, labda augue kweli au aende kujitolea damu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi habari ya virusi huingia kwa mdomo wa mama, na anayeleta habari ndiye hudhaniwa ameleta ugonjwa.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi: wanawake asilimia 5.6, wanaume asilimia 3.0. Katika wote wenye virusi, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Katika hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na katika walio kwenye dawa asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Kwa hiyo dawa zipo, zinafanya kazi, na hazilipiwi tangu serikali ilipoanza kuzitoa 2004. Kazi ngumu iliyobaki ni ya kuzungumza, nayo ndiyo wanawake huulizia wakishafungiwa mlango wa chumba cha ushauri.

Nimepewa majibu leo. Lazima nimwambie leo?

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2008 inamtaka anayejua kuwa ana VVU amjulishe mwenza wake mara moja na achukue hatua za kumkinga. Haichagui mume wala mke. Kuambukiza kwa makusudi ni kosa lenye kifungo cha kati ya miaka mitano na kumi. Wengi wakisikia hayo huogopa, hudhani wasipotoa habari jioni hiyohiyo polisi watakuja. Adhabu hiyo imewekewa kuambukiza kwa makusudi. Mama aliyeanza dawa, anayetumia kondomu au anayejizuia kwanza, na anayepanga na mshauri wake namna ya kusema, anatekeleza ule upande wa sheria unaodai kumkinga mwenzake huku akijiandaa kwa upande wa kumjulisha.

Kwa hiyo dawa zinatangulia. Tangu 2016 Tanzania inampa dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri kinga ishuke, na mara nyingi huanza siku ileile au wiki ileile. Kwa mjamzito hilo halina mjadala, kwa kuwa kila wiki ya dawa kabla ya kujifungua ni kinga kwa mtoto. Kumwambia baba kunaweza kusubiri siku chache ukapanga vizuri. Dawa za mtoto hazisubiri mazungumzo ya wazazi.

Atauliza nimetoa wapi. Nijibu nini?

Jibu la kweli ni kwamba hakuna kipimo katika hospitali yoyote ya mkoa huu, hata Kitete, kinachoonyesha nani alianza. Kipimo cha haraka kinasema virusi vipo au havipo. Kipimo cha CD4 kinaonyesha kinga ilivyo leo. Cha wingi wa virusi kinahesabu virusi vilivyomo kwenye damu sasa. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka minane au kumi bila dalili, na katika miaka hiyo ameoa au kuolewa, amezaa, amehama mji.

Hapa kwetu lawama hukimbilia safari. Tabora imejengwa na wasafiri. Kabla ya reli, njia za misafara kutoka Bagamoyo zilikutana hapa, Unyanyembe, kisha zikagawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kiangazi na pembe za ndovu mabegani, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Wengine walifuatana na wake zao, jambo ambalo hadithi za misafara hulisahau. Reli ya kati ilifika mjini 1912, tawi la Mwanza likakamilika 1928. Leo malori yanayokwenda Rwanda na Burundi hulala Igunga na Nzega, warina asali hukaa porini wiki kadhaa, na msimu wa tumbaku huleta vibarua Urambo na Sikonge kutoka mikoa mingine.

Ni rahisi basi kusema dereva ndiye, au mke aliyebaki nyumbani ndiye. Lakini wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera 1983, na ilipofika 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Kirusi kilichoenea hivyo kimepita kwa kila aina ya mtu: aliyesafiri, aliyebaki, mlevi, mcha Mungu, mwenye mke mmoja. Akikuuliza umetoa wapi, usianze kuhesabu wanaume uliowajua kabla yake, wala usimhesabie yeye wanawake. Mjibu kwamba mimba ndiyo iliyokufanya upimwe kwanza, yeye bado hajapimwa, na kipimo hakisemi nani alimpa nani. Kisha mwombe naye apime. Mazungumzo yakigeuka upelelezi, hata mshauri mzuri huwa hawezi kuyarudisha.

Wanaume wengi huwa wanafanyaje wakiambiwa?

Swali hili lilifanyiwa utafiti Dar es Salaam zamani kidogo, na majibu yake yanafaa kujulikana hata huku. Wajawazito 1,078 wenye VVU walifuatiliwa kuanzia miaka ya 1990, kabla dawa hazijafika. Ndani ya miezi miwili ya kupata majibu, asilimia 22 tu walikuwa wamemwambia mwenza. Baada ya karibu miaka minne walifikia asilimia 40. Utafiti mwingine wa jijini humo, uliofanywa mwishoni mwa miaka hiyo kwenye kituo cha ushauri nasaha na upimaji, ulikuta asilimia 64 ya wanawake wenye virusi wamewaambia wenza wao. Kati ya wanawake ambao hawakusema, zaidi ya nusu walitaja hofu ya jinsi mwanaume atakavyolipokea. Lakini karibu nusu ya wenye virusi waliosema walipata msaada kutoka kwa mwenza, na waliokumbana na jambo baya hawakufika 5 katika kila 100.

Nakuomba usilichukue hilo kama ahadi. Waliosema ni wale ambao kwa sehemu kubwa waliwajua waume zao na wakaona inawezekana. Watafiti wa kituo hichohicho walikuta pia kwamba wanawake wenye VVU walikuwa na uwezekano wa mara 2.68 zaidi ya wasio navyo kuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa na mwenza waliye naye, na kwa walio chini ya miaka 30 tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kama mara kumi. Kipigo hicho, mara nyingi, kilikuwepo kabla ya majibu. Ninachokisoma hapo ni kwamba mwanaume mpole hageuki mnyama kwa ajili ya kikaratasi cha maabara, na mwanaume aliyekuwa akikupiga kwa ajili ya chumvi usitegemee kikaratasi kitamlainisha.

Ananipiga. Bado niseme?

Usiseme peke yako, wala usiseme usiku mkiwa wawili ndani. Mweleze mtoa huduma ukweli wa nyumba yako kabla hajakuuliza habari za mwenza. Utaratibu wa kuwafikia wenza kwa upimaji unamtaka akuulize kwanza kuhusu ukatili, na unataka ridhaa yako. Anayekulazimisha utaje jina na namba ya simu anakiuka mwongozo wa kazi yake, na una haki ya kukataa ukaendelea kupata dawa zako zote.

Njia ziko kadhaa. Unaweza kumleta kliniki mkapimwa pamoja kana kwamba wote mnaanza leo, na majibu mkayapokea mbele ya mshauri. Unaweza kumwachia mtoa huduma ampigie mwenza na kumwita apime bila kutaja jina lako. Unaweza kupewa muda mkakubaliana: ukishindwa kusema mpaka tarehe fulani, kituo kifanye. Na inaruhusiwa kusubiri kabisa wakati wewe unatafuta pa kukimbilia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema waziwazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapokea malalamiko hayo. Ukiumizwa, pita kituo cha afya ili majeraha yaandikwe.

Na akinifukuza? Tumbaku nimeilima mimi.

Swali hili ndilo zito kuliko yote katika wilaya za tumbaku, na vipeperushi vya afya huliruka. Mke wa mkulima wa Urambo huanza na vitalu kiangazi, akapandikiza mvua zikianza, akapalilia, akachuma jani kwa jani, akakesha kwenye bani, banda la kukaushia, moto usizime wala usizidi. Malipo hupitia chama cha msingi, na mara nyingi jina lililoandikwa kule ni la baba. Akiambiwa aondoke mwezi wa pili, anaacha mwaka mzima wa jasho ukiwa bado kijani. Mwanamke anayenyamaza mpaka malipo yatoke hajakosa elimu ya VVU. Amepiga hesabu, na mshauri mwenye busara humsaidia kuipiga vizuri zaidi.

Ijue basi sheria kabla ya kusema. Mahakama ya Rufani iliamua 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kama mchango wake katika mali ya ndoa. Kama kupika na kulea vinahesabika, sembuse kukesha kwenye bani. Nanyi mnaoishi tu bila cheti wala mahari kukamilika: Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inawachukulia mwanaume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili na zaidi, na kutambulika kwa watu kama mke na mume, kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wasaidizi wa kisheria wako wilayani na hawatakiwi kukutoza. Sheria ya Ukimwi nayo inakataza unyanyapaa na ubaguzi kwa sababu ya VVU.

Hayo yote ni haki za karatasini mpaka mtu azidai, na kudai kunataka nauli ya kwenda barazani. Weka akiba ndogo, hata ya kuku watano, mahali ambapo si pake. Mwambie dada au mama mdogo mmoja unayemwamini kwamba huenda ukaja kulala kwake, bila kulazimika kumweleza kwa nini.

Nianze vipi maneno?

Chagua saa ambayo hajanywa, watoto hawapo, na hakuna ugomvi wa jambo jingine unaofuka moshi. Wengi hupenda kuanzia kwenye kile wote wawili wanachokijali, mtoto. Kwa mfano:

“Baba Kulwa, kliniki wametuambia kila mama aje na mwenzake. Mimi wameshanipima. Nina jambo la kukueleza, ila naomba uniache nimalize ndipo useme.”

“Sema tu, Mama Kulwa.”

“Wamenikuta na virusi. Nimeanza dawa, kidonge kimoja kwa siku. Nesi amesema nikizishika vizuri mtoto atazaliwa salama, na wewe pia utakuwa salama. Sijui nilivipata lini na kipimo hakisemi. Naomba Jumatatu twende wote, wakupime na wewe wakueleze wenyewe, maana wanaeleza vizuri kuliko mimi.”

Maneno ni machache na yanaishia kwenye siku. Hilo la siku lina maana sana, kwa sababu mwanaume aliyepewa jambo la kufanya Jumatatu hupata mahali pa kuiweka hofu yake. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akitoka nje akakaa chini ya mwembe mpaka usiku, mwache akae. Kukataa siku ya kwanza ni kawaida, na wengi waliofoka Jumamosi wameonekana kwenye benchi la kliniki wiki mbili baadaye, kofia imeshushwa usoni.

Kama kukaa uso kwa uso hakuwezekani, kuna vipimo vya kujipima mwenyewe, vya kupitisha kijiti kwenye fizi, ambavyo sheria iliviruhusu 2019. Mama anaweza kupewa ampelekee mume. Kipimo kikionyesha dalili ya virusi, bado lazima kituo kithibitishe, na kipimo hicho kisitumiwe kumshtukizia mtu mbele ya wageni.

Amepimwa, hana. Inawezekanaje?

Inawezekana, wala si muujiza, wala maabara haikukosea. Katika tafiti za nchi yetu, ndoa ambazo mmoja anavyo na mwingine hana zimekuwa nyingi kuliko zile ambazo wote wanavyo. Kirusi hakipiti kila tendo, na wingi wake kwenye damu ndio unaoamua mengi. Arudie kipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi mapya kabisa huweza yasionekane. Wakati wewe bado unashusha virusi anaweza kupewa dawa kinga za kumeza kila siku, na kondomu zitumike.

Hapa ndipo penye habari njema kuliko zote, na wanaume wakielezwa vizuri hukaa sawa kwenye kiti. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliotangaza matokeo 2011, ambao Kisumu kwa jirani zetu ilikuwa moja ya vituo vyake, ulionyesha kuwa kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Mwingine wa Ulaya ulifuatilia matendo ya ndoa yapatayo 58,000 bila kondomu, ya wenza ambao mmoja alikuwa kwenye dawa na virusi vyake vimefubaa, na hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza huyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi: virusi visipoonekana kwenye kipimo, mwenza haambukizwi kwa kujamiiana. Basi usiulize tu “unakunywa dawa?” Uliza majibu ya wingi wa virusi yalitoka lini na yalisemaje. Kwa kawaida kipimo cha kwanza huchukuliwa takriban miezi sita tangu kuanza dawa.

Tuko wake wawili.

Basi habari ni ya watu watatu, wakati mwingine wanne. Anza na mume. Mke mwenzio ajulishwe na mume au na mtoa huduma; usiitumie habari hiyo kama silaha ya ugomvi wa jikoni, maana itarudi kwako. Ila apimwe, hasa kama ni mjamzito au ananyonyesha. Wakwe hawana haki ya kuambiwa. Mganga naye kama unamwendea kwa mambo mengine ni shauri lako, lakini kidonge kisisimame hata siku moja kwa sababu amesema kisimame.

Naficha dawa kwenye unga. Kuna ubaya?

Ubaya ni kwamba siku ambayo wageni wamejaa jikoni utaikosa. Kopo la vidonge lina kelele kama njuga, ndiyo maana wengine huweka pamba ndani au huhamishia vidonge kwenye kimfuko, na unyevu wa msimu wa mvua ukaviharibu. Mweleze muuguzi unavyoishi. Mwenye virusi vilivyofubaa huweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita, hivyo safari za kliniki zinapungua na maswali ya “unakwenda wapi tena” yanapungua pia. Waviu washauri, yaani wenzako wanaoishi na virusi ambao hukaa kliniki kusaidia wapya, wanazijua mbinu hizi kuliko daktari, kwa kuwa wao wenyewe waliwahi kuficha. Kila wilaya pia ina konga, umoja wa watu wanaoishi na VVU, na humo utamkuta mama aliyekwisha kusema na anaweza kukusindikiza.

Nilipomwambia, akasema yeye alikuwa anajua.

Hutokea kuliko watu wanavyodhani. Baba anachukua dawa Nzega kila miezi mitatu akisema anafuatilia mizigo, mama anachukua Kitete akisema amepeleka mtoto uzito, na makopo mawili yanafanana ndani ya nyumba moja, moja darini na moja kwenye unga. Una haki ya kukasirika, na hasira hiyo ina mahali pake kwa mshauri, si kwenye kidonge cha jioni. Mkishatulia, mwombeni kituo kimoja kiandike uhamisho ili wote muwe kwenye kliniki moja na tarehe moja. Watoto waliozaliwa kabla ya hapo wapelekwe wote wapimwe, hata yule wa miaka kumi ambaye hajawahi kuugua. Na mkipangiwa miezi ya tumbaku, semeni mapema, wasogeze tarehe isiangukie siku ya soko.